Upepo Haupakii Simenti

Nilifika kwenye mstari uliosema "ndipo upepo ukaamua kumchukua binti yule," nikanyamaza. Taa nyekundu ya studio ilikuwa inawaka, maana yake tuko hewani, mji wetu wa Baraka wote unasikia, na Ubwari ng'ambo ya ziwa pia, na vilima vya juu kama mitambo iko na nguvu. Nilikuwa na kaske, vile visikilizio, masikioni na karatasi mbele yangu. Binti yule alikuwa Riziki, mutoto wangu wa kwanza. Karatasi haikutaja jina lake. Haikutaja jina la mtu yeyote. Ndani yake kulikuwa na boti, mawimbi, mama mmoja mwenye imani, na upepo. Upepo ndio uliofanya kila kitu.

Kwenye redio kimya ni dhambi kubwa. Tulifundishwa: ukipoteza mstari, kohoa, rudia neno, taja jina la stesheni, lakini usinyamaze, kwa sababu msikilizaji atafikiri tumekufa. Mimi nilinyamaza. Kiza, fundi wetu wa mitambo, alinitazama kupitia kioo, akazungusha mkono kwamba niendelee. Nikamwangalia tu. Akaweka wimbo wa kwaya, akaingia, akanitoa kaske masikioni polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

"Mama Riziki, soma tu," akasema. "Ni hadithi."

"Hadithi ya nani?" nikamuuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kazi yangu. Ninyi vijana wa klabu za usomaji mnaosoma haya, mnatakiwa kujua kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini, ili mjue nilichonyamazia.

Mimi nilisoma hadi mwaka wa tano wa shule ya msingi. Shule ikafungwa, na ilipofunguliwa tena nilikuwa tayari na mutoto mgongoni. Baraka walinijua kwa kitu kimoja: kusimulia. Bamama wakikaa kumenya mihogo waliniita nikae katikati, kwa sababu mikono inakwenda haraka kama kuna hadithi. Hapo ndipo Direkteri wa redio alinisikia. Alikuwa amekuja kununua samaki wa kukausha, akasimama na samaki mkononi mpaka hadithi ikaisha na nzi wakajaa. Akasema sauti yangu inapotea bure kwenye maganda ya mihogo, nifike kesho ofisini.

Direkteri alikuwa mutoto wa Fizi, lakini alikulia na kusomea kwenye kambi za wakimbizi Tanzania. Alirudi na Kiswahili cha kule, kile kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na furushi la maneno ambayo hapa kwetu hatukuwa tumewahi kuyasikia. Redio yake ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Kuta za studio zilifunikwa na sponji la magodoro mabovu ili sauti isirudi. Ukiingia, unasikia moyo wako mwenyewe.

Kipindi alichotaka nifanye kilikuwa cha hadithi fupi kwa wanafunzi wa sekondari. Mimi nisome hadithi, halafu yeye na mimi tuichambue. Kuchambua nililijua: ni kazi ya maharage. Unamwaga kwenye ungo, unatoa mawe, unatoa yaliyooza, unaona chakula ni kipi. Nilipomwambia hivyo alifurahi, akasema nimekwisha kuelewa nusu ya kazi.

Nusu ya pili ndiyo iliyonipa jina. Siku hiyo ya kwanza alinipa hadithi ya kujaribia, ya kuku mmoja na kicheche. Kuku ametaga chini ya ghala, kicheche anakuja kila mara anakula mayai, kuku anahama, kicheche anafuata, mwishowe kuku anataga ndani ya kikapu cha mwenye nyumba na kicheche anakamatwa. Nikasoma vizuri. Akaandika ubaoni neno "mhusika," akaniuliza: "Mhusika mkuu wa hadithi hii ni nani?"

Nikasema: "Kicheche."

"Kwa nini?"

"Si njo yeye alikula mayai?"

Kiza alicheka mpaka akashika ukuta. Direkteri hakucheka. Akaniuliza nilifikaje hapo. Nikamweleza kwamba kwetu neno hilo tunalisikia mahali pamoja tu, kwenye matangazo ya wakubwa. Duka limeibiwa: wahusika watafuatiliwa. Ng'ombe wamechukuliwa: wahusika wajisalimishe. Kwa hiyo mhusika ni mwenye kosa, na mhusika mkuu ni mwenye kosa kubwa. Mtu yeyote wa Baraka angejibu kama mimi.

"Hapana, mama," akasema. "Mhusika si mshitakiwa. Mhusika ni yeyote anayeishi ndani ya hadithi. Mhusika mkuu ni yule tunayemfuata tangu mwanzo hadi mwisho, yule ambaye akipata shida na sisi tunapata shida. Huyo ni kuku."

Nikakubali. Lakini ndani yangu sikukubali sana. Nilijiambia: kuku alikuwa anataga tu, kama kuku wote. Bila kicheche hakuna hadithi. Kiza alilipeleka jambo hilo sokoni, na tangu siku ile nikawa Mama Muhusika. Nikipita na beseni, bamama wananiuliza: "Mama Muhusika, leo nani alikula mayai?" Nami nawajibu: "We mwenyewe, angalia midomo yako."

Miaka ile ilikuwa mizuri, sitaki kudanganya. Nilijifunza maneno moja baada ya lingine, na kila neno nililitafutia nyumba yake hapa hapa, la sivyo lilikuwa linatoka.

Msuko lilikuwa rahisi kwangu. Direkteri alisema msuko ni jinsi matukio yanavyofuatana na kushikana, hili linazaa lile. Nikamwambia basi ni kichwa cha mwanamke. Unachukua mafungu matatu ya nywele, unapitisha hili juu ya lile, na ukivuta vibaya mahali pamoja, mtu analia. Mahali anapolia ndipo kwenye kilele, pale ambapo mambo hayawezi tena kurudi nyuma. Hilo la kichwa cha mwanamke alilisema hewani bila kusema limetoka kwa nani. Sikukasirika. Nilidhani maneno ni kama moto, jirani akichukua wako haupungui.

Taharuki nilifundishwa na wachimba dhahabu. Direkteri alinituma kwenye machimbo ya Misisi na kinasa sauti ili kuona kama kipindi kinasikika. Nilipanda pikipiki barabara ile mbovu, nikafika na mgongo wa mwanamke mzee. Wachimbaji walikuwa wamekaa nje ya shimo na redio ndogo, na hadithi ya wiki ile ilikuwa imekatwa katikati makusudi, mtu amesikia hodi na hatujui nani yuko mlangoni. Kijana mmoja mwenye tope mpaka kwenye nyusi alinitambua kwa sauti, akanifuata mpaka kwenye pikipiki. "Mama, mi nashuka kule chini sasa hivi. Kama shimo linanifunika, nitakufa sijui nani alipiga hodi. Uniambie tu." Nikamwambia. Ni shangazi. Akashuka akicheka. Nilipomsimulia Direkteri, akasema hiyo ndiyo taharuki, ile hamu inayomshika msikilizaji shingo, na kwamba sikutakiwa kuifungua. Nikasema angekuwa yeye pale angeifungua.

Kwenye klabu za shule za Nundu nilifundisha nafsi. Nafsi ni swali la nani anasimulia. Kama msimulizi anasema "mimi," hiyo ni nafsi ya kwanza: anajua aliyoyaona tu, lakini aliyoyaona ni yake, unaweza kumshika mkono. Kama anasema "yeye," hiyo ni nafsi ya tatu, na mara nyingi huyo msimulizi anajua yote, anaingia ndani ya kila kichwa kama Mungu. Wanafunzi wa Kirundi, wa familia zilizokimbilia kwetu kutoka Burundi, walipenda nafsi ya tatu. Msichana mmoja aliniambia akiandika "yeye" anaweza kuandika mpaka mwisho, na akiandika "mimi" kalamu inasimama. Sikumsahihisha. Niliona yeye ana sababu yake.

Na tashihisi. Hili nililipenda kuliko yote. Ni pale mwandishi anapokipa kitu tabia ya mtu: jiwe linakataa, njaa inapiga hodi, ziwa linacheka. Kwetu hata bila shule tunasema hivyo. Nikawa nalitumia kila wiki, mpaka Direkteri akaniambia tashihisi ni chumvi, si ugali.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Redio haiendi kwa hewa. Ilikuwa na jenereta, na jenereta inakunywa mafuta ya mazuti. Mazuti ile ililetwa na Patron Lubunga Sadiki, mwenye maboti na mwenye duka la vifaa vya kujengea. Kila asubuhi kabla ya habari tulimshukuru kwa jina: mfadhili wetu, baba wa maendeleo. Hata mimi nimemshukuru hewani, mara nyingi kuliko nilivyomshukuru baba yangu mzazi.

Riziki alikuwa anajifunza kushona. Siku ile tulikuwa tunavuka kwenda Ubwari kwa harusi ya binamu yake, ameshona gauni la bibi harusi mwenyewe, amelikunja ndani ya kitenge ameliweka mapajani. Boti ilikuwa ya Patron Lubunga, ile ya mbao ndefu. Tangu zamani ilikuwa na mashine mbili nyuma. Siku ile ilikuwa na moja. Nahodha, Radjabu, aliniambia mwenyewe kwamba ya pili patron ameitoa, ameiweka kwenye boti yake nyingine mpya.

Tulikuwa tumekwisha kukaa wakati pikipiki za mikokoteni zilipofika na simenti, ninyi wa masomo mnaita saruji. Patron Lubunga alikuja nazo, amevaa shati jeupe, simu sikioni. Wapakiaji wakaanza kushusha mifuko katikati ya boti. Watu wakasogezwa, wengine wakakaa juu ya mifuko. Riziki alikaa juu ya mifuko, akatandika kanga chini ili gauni lisipate vumbi.

Radjabu alishuka ndani ya maji mpaka magotini, akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti kupima ni kiasi gani kimebaki juu ya maji. Kiganja kilikuwa karibu kinalowa. Akasema, na mimi nilikuwa pale, umbali wa mtu kupokezana kikombe:

"Patron, boti imeshiba. Tukiongeza tena, itakunywa mayi."

Patron Lubunga akatoa simu sikioni. Alimjibu Radjabu. Alichojibu nilikisikia, nitakirudia mwishoni.

Mkuu wa mwalo ule mdogo tuliopandia boti, Shefu Etungano, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula karanga. Kazi yake ilikuwa kuangalia mzigo na kuruhusu boti, au kuikataza. Radjabu alimgeukia. Shefu Etungano hakusimama. Aliweka karatasi ya ruhusa juu ya goti lake, akapiga muhuri hapo hapo juu ya goti, akaendelea na karanga zake.

Kuhusu upepo. Direkteri alinifundisha neno mandhari: mahali na wakati wa hadithi, na hali yake ya hewa. Alisema mandhari si pambo, mandhari ni shahidi. Basi mimi nilikuwa nimekaa nimetazama pwani, na bamama walikuwa wanachemsha chai na kukaanga mikate pale mwaloni, na moshi wa majiko yao ulikuwa umesimama wima. Ulipanda moja kwa moja kama kamba ya ndoo kisimani. Upepo uliokuwepo ulikuwa ule mdogo wa asubuhi, unaokausha ndagala, wale dagaa wetu. Huo hauwezi kuzima kiberiti.

Tulipofika mbali na pwani mashine ikakohoa, ikazima. Boti bila mashine inageuka ubavu. Wimbi la kawaida likaingia, kikombe tu. La pili likaingia. Watu wakaanza kuchota kwa sahani, kwa viatu. Simenti ikinywa maji inakuwa jiwe lingine kabisa. Watu wakasimama, boti ikalala upande. Radjabu alikuwa anapiga kelele tukae chini, hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia. Mimi nilishika bidoni, dumu tupu la mawese. Riziki alikuwa katikati, palipokuwa na mifuko. Wavuvi wa Ubwari walikuja na mitumbwi yao, wakatuvuta sisi tuliofikiwa. Gauni lilielea. Yeye walimpata baadaye.

Jioni ile redio ilitoa tangazo. Mimi nilikuwa nimelazwa kwa dada yangu, kaniki mwilini, na redio ya jirani ilikuwa wazi. Ilikuwa sauti ya Direkteri mwenyewe. Alisema boti imepinduka kwa sababu ya upepo mkali, kwa taarifa ya mkuu wa mwalo. Halafu akasema: "Wahusika wanaombwa kufika mwaloni ili kutambua miili."

Wahusika. Nikaamka, nikaenda. Tulikuwa wengi tumekaa mchangani, wahusika wote, tumefunika vichwa. Lubunga hakuwepo, hakuitwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya habari, aliitwa kwa jina lake jingine. Mfadhili wetu.

Nilirudi kazini baada ya matanga kwa sababu nyumba ilikuwa inaongea. Direkteri alinipokea vizuri. Alinipa chai, akaniacha nisome hadithi nyepesi. Baada ya muda akaniomba nimsimulie siku ile, yote, atengeneze hadithi fupi kwa ajili ya somo la mgogoro. Mgogoro ni ule mvutano unaoisukuma hadithi: mtu na mtu, mtu na jamii yake, mtu na nafsi yake, mtu na maumbile, yaani na mvua, na njaa, na ziwa. Alisema Riziki hatapotea, atasomwa kuanzia Nundu mpaka Fizi. Hilo ndilo lililonishika. Nilimsimulia. Mashine moja, kiganja cha Radjabu, goti la Etungano, shati jeupe, moshi. Alikuwa anaandika na machozi yanamtoka, na sidhani machozi yale yalikuwa ya uongo.

Karatasi nilipewa siku ya kipindi, taa iko karibu kuwaka. Hatukuwa na desturi ya kusoma kwanza, mimi nilijulikana kwa kusoma mara moja bila kukwama. Nikaanza. Mbingu ikawa nyeusi. Nikashangaa, nikaendelea. Mawimbi yakawa marefu kama nyumba. Nahodha akawa kijana mwenye kiburi asiyesikia wazee. Msimulizi akawa yule wa nafsi ya tatu, anayejua yote: alijua mama mmoja anaomba nini moyoni, alijua hata upepo unafikiri nini, lakini nani alipakia boti hakujua. Halafu nikafika pale upepo ulipoamua.

Baada ya Kiza kunitoa kaske nilikwenda moja kwa moja chumba cha pili. Direkteri alikuwa amesikia kila kitu kwenye redio yake ya mezani, na kwaya ilikuwa bado inaimba.

Alianza kwa upole. Akasema hadithi si ripoti ya polisi. Hadithi fupi inapunguza, wahusika wengi wanamchanganya msikilizaji.

"Umepunguza wawili tu," nikasema. "Na Radjabu umemwongezea kiburi. Amekufa, hawezi kuleta mazuti."

"Mama, hadithi hii nimeijenga kwenye mgogoro wa mtu na maumbile. Ndivyo wengi wanavyokumbuka ajali za ziwa. Ni tashihisi nzuri, wewe mwenyewe unaipenda."

"Direkteri, upepo haupakii simenti."

Nje jenereta ilikuwa inanguruma, na wote wawili tulikuwa tunaisikia. Ndipo Kiswahili chake cha kule, kile cha pasi, kikaanguka chini, akaongea kama mutoto wa Fizi.

"Mama Riziki, mi nifanye je? Ule mutu akikata mazuti, redio inakufa. Batoto banakosa masomo. We unataka vile?"

Nikamwambia mi nataka aandike kicheche. Alielewa. Alifunika uso na mikono, na hakuandika. Nilichukua mfuko wangu nikatoka, na kwenye redio walisema baadaye kwamba Mama Muhusika amestaafu kwa sababu za kiafya, tunamshukuru kwa huduma yake.

Hadithi walimpa msichana mwingine akairekodi, ana sauti nzuri, sina ugomvi naye. Inapigwa kwenye klabu mpaka leo. Wanafunzi wakiulizwa mgogoro ni wa aina gani wanajibu vizuri: mtu na maumbile. Wanapewa alama. Juzi mwalimu mmoja wa Nundu, mtu wa heshima, alisimama kwenye meza yangu ya mikate sokoni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema wamesoma hadithi yangu darasani na wengi wamelia. Kisha akasema: "Pole na upepo, mama."

Nimekaa na neno lile. Watu wanafikiri anayestaafu anapumzika. Kumbe ndio kwanza anaanza kuchambua. Nimechambua haya yote, na nawaachia ninyi mnaofuata. Tashihisi ni kitu kizuri, lakini mkiona kitu kimepewa mikono, ulizeni kama kuna mtu aliyenyang'anywa ya kwake. Mkiona mandhari imechafuka ghafla, mbingu nyeusi, radi, angalieni moshi wa majiko unakwenda wapi. Na msimulizi anayejua yote akisahau kitu kimoja tu, hicho kimoja ndicho hadithi.

Kuna aina ya mwisho inayoitwa mwisho wazi. Mwandishi anaacha mlango haujafungwa, msomaji aamue mwenyewe. Direkteri aliusifu sana mwisho huo, alisema ni wa watu wazima. Direkteri namwacha na cheo chake bila jina, kwa sababu ndani ya cheo ndipo alipojificha. Mimi mwisho wazi siutaki. Nina majina.

Shefu Etungano, uko hai, nimekuona kwenye ibada. Muhuri uliupiga juu ya goti. Simama useme uliangalia nini kabla ya kuupiga, maana boti hukuiangalia.

Na wewe Lubunga Sadiki. Nyumba yako ya ghorofa imekwisha, naiona kutoka sokoni, na sijui kama ni simenti ya safari ile au ya safari nyingine, wala sikuulizi hilo. Radjabu alikuwa magotini ndani ya maji, kiganja chake kwenye ubavu wa boti, akakwambia imeshiba. Ulimjibu: "We unalipwa juu ya kuendesha, haiko juu ya kuongea." Riziki alikusikia, aligeuka akanitazama. Watu wanaokumbuka jibu lako tumebaki wachache, na wote ni watu wa kuuza mikate na samaki. Redio ni yako, mazuti ni yako, kipaza sauti kiko pale pale na taa yake nyekundu. Ingia ndani. Usiseme "ajali ilitokea." Usiseme "boti ilizama." Anza na neno "mimi," useme mbele ya Baraka yote uliyoyafanya asubuhi ile, wewe mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza.